Kununua Mazombi kwa Ajili ya Mpelelezi

Ubishi ulianzia kwenye benchi la wateja, mbele ya rafu ya mashine nyeupe, na aliyeuanzisha alikuwa Mwalimu.

Benchi lile liliwekwa kwa ajili ya wanaosubiri kujaribu gemu, lakini wanaume wawili walikuwa wameshaligeuza baraza. Mmoja ni huyo Mwalimu, wa kemia, aliyepita dukani kila alipotoka shuleni, chaki bado imemganda kwenye mkono wa shati. Wa pili alikuwa kinyozi wa mlango wa jirani. Yeye alikuja na shuka la kunyolea begani, akiapa kwamba amechungulia mara moja tu, na huku kule kwake mteja amekaa na kichwa kilichonyolewa nusu.

"Kampuni haisikii maneno," alisema Mwalimu. "Kampuni inasikia manunuzi. Ukinunua gemu ya sungura, umewaambia, leteni sungura. Ukinunua gemu ya watu wazima, umewaambia, na sisi wenye ndevu tupo."

"Ndevu zenyewe ziko wapi, Mwalimu? Mimi ndiye ninayezikata, nazijua."

"Usinitoe kwenye mada."

"Sikutoi, nauliza. Gemu ya watu wazima iliyopo kwenye mashine nyeupe sasa hivi ni ipi? Si hii moja tu ya mazombi?" Kinyozi akanyanyua kasha la diski. Mtu aliyechorwa pale juu hakuwa na taya. "Haya. Nikinunua hii nimewaambia wenye ndevu tupo, au nimewaambia tunapenda watu wasio na taya?"

"Umewaambia wenye ndevu wapo."

"Watajuaje?"

"Si hii alama hapa pembeni? Wa miaka kumi na nane na kuendelea. Wao wanahesabu alama, hawahesabu mataya."

Nyuma ya kaunta alisimama msichana ambaye wateja walimwita Kaunta, kwa sababu ni wachache waliowahi kumwona akiwa upande wa pili. Hakuwa msemaji. Shule aliiacha alipomaliza ya msingi, na tangu hapo alijifunza kwa kuangalia: nani anashika kasha mara mbili kabla ya kuondoka, nani anasoma nyuma, nani anamnunulia mwanawe gemu anayoitaka yeye mwenyewe. Siku nyingine angewaacha wale wawili wabishane mpaka koo ziwakauke. Siku hiyo aliacha kufuta vumbi akasikiliza, maana lile lililokuwa utani kwenye benchi, kwake lilikuwa jambo zito.

Duka la Mama Duka liliuza gemu za mashine mbili. Mashine nyeusi ilikuwa ndiyo bwana mkubwa. Pedi yake inashikwa kwa mikono miwili: kidole gumba cha kushoto kinamtembeza mtu wako kwenye kioo, cha kulia kinageuza macho yake aone anakokwenda. Mashine nyeupe ilikuwa na kijiti kimoja tu mithili ya rimoti. Unakishika kwa mkono mmoja, unaelekeza, mtu wako anakwenda. Basi. Watu waliipenda ilipotoka, kisha wakaichoka, na sasa rafu yake ilikuwa imesukumwa karibu na mlango wa stoo, imejaa sungura, keki zinazoongea, na mashindano ya konokono.

Na nyumbani kwa Kaunta kulikuwa na mtu mwenye mkono mmoja unaofanya kazi.

Kaka yake alikuwa fundi wa makochi. Kiharusi kilimkuta kazini, sindano ndefu ya kushonea ikiwa mkononi, akiwa bado kijana ambaye hata mvi hajaanza kuzitafuta. Mguu ulirudi kiasi. Mkono wa kulia ukalala, ukawa kama wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Sebuleni lilibaki kochi alilokuwa akijitengenezea mwenyewe: upande wa kushoto limeshavalishwa kitambaa, limenona, upande wa kulia ni mbao tupu na misumari iliyopigwa nusu. Miezi ile ya mwanzo alilala chumbani akiangalia ukuta. Dada wa mazoezi ya viungo alikuja, akaondoka. Ndugu walikuja, wakaondoka. Kaunta alileta mashine nyeupe iliyotumika, akaiunganisha kwenye televisheni, akaweka gemu moja isiyo na alama kubwa wala kelele: Mpelelezi. Mzee mmoja wa polisi, mwenye koti lililochakaa, anatafuta nani aliyemuua mwenye hoteli. Hakuna kukimbizana. Unaingia vyumbani, unafungua droo, unaongea na watu wanaodanganya.

Kaka alitoka kitandani ili ajue nani kaua. Akakaa kwenye nusu nzuri ya kochi. Akaanza kula mezani, akaanza kunyoa, akaanza kugombana na habari za redioni. Kisha gemu ikaisha, muuaji akajulikana, na gemu nyingine iliyopatikana ikawa ya sungura.

"Mimi?" alisema, kijiti mkononi. "Mimi niliyeshonea mahakimu makochi, leo nakimbiza karoti?"

Alicheza siku chache akitukana kila karoti. Baadaye akarudi chumbani kuangalia ukuta wake.

Kwa hiyo asubuhi ile, ajenti wa gemu alipoingia na begi lake na kusema kwa kupitapita tu kwamba Mpelelezi wa pili anatengenezwa, Kaunta alimkatiza.

"Atakuja kwenye nyeupe?" aliuliza.

"Ah, hapo sasa." Ajenti alikuwa mtu wa kuongea huku anatembea. "Nasikia wanasitasita. Wanasema mashine nyeupe haina watu wazima. Wakiona watu wazima wapo, huenda wakaleta. Wasipoona, watapeleka kwenye nyeusi peke yake."

"Wataonaje?"

"Kwa mauzo, dada. Kwa nini kingine?"

Na sasa Mwalimu alikuwa anasema hayo hayo, na Kinyozi anayapindua. Kaunta akajikuta ameongea.

"Mwalimu, samahani. Mtu akimtaka Mpelelezi, anunue mazombi?"

Wanaume wote wawili wakamgeukia kana kwamba rafu ndiyo iliyosema.

"Ndiyo," alisema Mwalimu.

"Hapana," alisema Kinyozi.

"Mpelelezi wa kwanza je? Si anunuliwe huyo?"

"Umebaki naye?"

Hakubaki naye. Nakala zilikwisha zamani, na Mpelelezi hata hivyo alikuwa na alama ya kumi na mbili, kwa vile humwoni mtu akifa, unamkuta tu ameshakufa.

"Unaona?" alisema Kinyozi. "Gemu ya watu wazima kuliko zote, wameiandika ya watoto wakubwa. Na hii ambayo hata mwanangu wa darasa la nne ataichoka, ndiyo ya watu wazima. Sasa hapo nani anamwambia nani nini?"

Jioni, akichambua mboga, Kaunta alimpelekea kaka yake swali lile hadi mlangoni mwa chumba.

"Kaka, ukitaka kupikiwa samaki, na mpishi anapika nyama na uji tu, utaagiza nyama ili ajue una meno?"

Kaka aligeuza kichwa polepole. "Umekunywa nini?"

Akamweleza. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, na pale kwenye Mpelelezi wa pili aliinuka akaegemea kiwiko cha kushoto.

"Anatengenezwa kweli?"

"Ajenti kasema."

"Yule mdogo wa mwenye hoteli, yule aliyetoroka na boti, atakuwemo?"

"Sijui, kaka."

"Lazima awemo. Walimwacha makusudi." Macho yake yalikuwa yamechangamka. Kisha akalala tena. "Mazombi siyataki ndani ya nyumba hii. Lakini wengine wakiyanunua, siwazuii."

Kwa Kaunta hiyo ilikuwa ruhusa tosha.

Kesho yake alihamisha rafu. Mazombi waliwekwa usawa wa macho, uso kwa uso na anayeingia. Sungura, keki na konokono akawashusha chini, na walipoonekana bado wanashikwashikwa na watoto, akawatia kwenye boksi akawapeleka stoo. Mwalimu alinunua nakala ya kwanza, akaibeba kama mtu aliyepiga kura. Akaleta walimu wenzake. Mwalimu wa michezo alinunua. Mwalimu wa hesabu, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alinunua baada ya kuuliza kama anaweza kuiweka tu kabatini bila kuifungua.

"Ukiiweka kabatini kampuni haitajua," alisema Mwalimu. "Tunachotaka ni ihesabiwe."

"Basi mnihesabu. Lakini mtu huyu asiye na taya nitamgeuza aangalie ukuta."

Hata Kinyozi alinunua, kwa hasira. "Naweka pale saluni wateja wacheze wakisubiri. Sijabadili mawazo. Mkiletewa mazombi watupu mpaka mzeeke, mtanikumbuka."

Siku moja akaingia baba mmoja amemshika binti yake mkono. Binti alikuwa na pengo la jino la mbele na furaha isiyo na mpaka. Walitaka gemu ya sungura, ya mashine nyeupe, zawadi ya kufaulu mtihani.

Kaunta aliangalia chini. Boksi lilikuwa stoo, hatua chache nyuma ya mgongo wake. Lakini kichwani mwake kulikuwa kama droo ya nyaya: ukivuta mmoja unakuja na mingine yote. Akiuza sungura, kule mbali watasikia, leteni sungura. Wakisikia sungura, watasema watu wazima hawapo. Watu wazima wakiwa hawapo, Mpelelezi hatakuja. Mpelelezi asipokuja, ule ukuta wa chumbani.

"Zimeisha," alisema.

Binti akaangalia mtu asiye na taya, akajificha nyuma ya baba yake.

"Zitakuja lini?" aliuliza baba.

"Sijui, baba. Samahani."

Walipotoka alisikia sauti ya mtoto ikiuliza kitu mlangoni, na baba akijibu, "Basi tutanunua mashine ile nyingine, mama, usilie." Kaunta alifuta kaunta iliyokuwa safi. Akaifuta tena.

Ajenti aliporudi na begi lake, benchi lilikuwa limejaa. Mwalimu alikuwepo, Kinyozi alikuwepo na shuka lake, na Mama Duka mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akijipepea na kipande cha boksi.

"Nyie watu," alisema ajenti, "mmewafanya nini hao mazombi? Hakuna duka lililowauza hivi!"

Mwalimu akasimama. "Wamesikia?"

"Wamesikia sana. Mazombi wa pili wanakuja kwenye mashine nyeupe. Wameshasema."

Kinyozi akampigia Mwalimu makofi ya polepole. "Hongera, Mwalimu. Umeongea na kampuni. Kampuni imekujibu."

"Na Mpelelezi?" aliuliza Kaunta.

"Mpelelezi wa pili anakwenda kwenye nyeusi tu." Ajenti alikuwa anatoa diski begini huku anaongea. "Wanasema watu wa mashine nyeupe wanapenda fujo, si gemu za kufikiri."

"Lakini ulisema wakiona watu wazima..."

"Nilisema huenda. Halafu kuna hili la pili. Gemu za watoto zimekufa. Hapa kwenu ndiyo zimekufa kabisa, sungura hata mmoja hakutoka. Wakubwa wanaona, kama hata watoto wameikimbia mashine nyeupe, basi haina maisha. Nani atakayeiletea gemu kubwa mashine inayokata roho?"

Mama Duka aliacha kujipepea. "Sungura hakutoka? Kwani sungura wetu wako wapi?"

Kaunta alitamani aingie ndani ya droo.

"Wako stoo, mama," alisema. "Niliwaweka mimi."

"Kwa nini?"

"Ili wasinunuliwe."

Mama Duka alimwangalia, akamwangalia Mwalimu, akamwangalia Kinyozi, akatafuta usoni mwa kila mmoja mahali ambapo sentensi ile inaleta maana. "Mwanangu, hili ni duka," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayempoza mgonjwa.

"Kwa hiyo ni mimi?" Kaunta alimuuliza ajenti. "Ni kwa sababu ya sungura wangu, au kwa sababu ya mazombi?"

Ajenti alikuna kichwa. "Dada, nami naambiwa na mtu aliyeambiwa. Yupo mwingine anasema hayo ya nyeusi waliyaamua zamani, hata kabla ya mazombi yenu. Mimi sijui. Huenda ni vyote. Huenda si chochote."

"Tungenunua zaidi," alisema Mwalimu. "Hatukutosha, ndiyo maana."

"Mngenunua zaidi mngepewa mazombi wa tatu," alisema Kinyozi.

Wakaanza upya, na Kaunta akabaki amesimama kati yao. Mwalimu alisema kweli: kampuni ilisikia. Kinyozi alisema kweli: ilisikia vingine. Na yeye, aliyewafuata wote wawili, alikuwa amemliza mtoto bure, au si bure, hilo nalo hakulijua. Alichokijua ni kwamba kaka yake anamsubiri yule mdogo wa mwenye hoteli aliyetoroka na boti, na boti lile lingetia nanga kwenye mashine ya mikono miwili.

Siku hiyohiyo alimwomba Mama Duka msamaha kwa magoti, akawatoa sungura stoo akawapanga usawa wa macho. Kila mtoto aliyepita mlangoni Kaunta alimkodolea macho aone kama ana pengo la mbele. Yule binti hakurudi.

Mpelelezi wa pili alipofika, Mama Duka, ambaye kukasirika kwake hakukuwahi kudumu kuliko chai yake, alimwazima mashine nyeusi ya kujaribia kwa Jumapili moja. "Mpelekee kaka yako," alisema. "Na usimfiche sungura yeyote njiani."

Kaka alikuwa ametoka chumbani kabla mashine haijafunguliwa; alikuwa amesikia lile kasha likigonga meza. Alikaa kwenye nusu nzuri ya kochi, akalishika kasha, akaliona koti lililochakaa, akatabasamu. Kisha akaiona pedi.

"Hii ni ya mikono miwili," alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Na ulisema itakuja kwenye nyeupe."

"Nilisema huenda." Akamweleza yote: benchi, mazombi, walimu, boksi la stoo, yule mtoto. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kurukia mbele, kwa vile mwenyewe hakujua lipi lilizaa lipi. Alipomaliza kaka alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na Kaunta akaogopa. Kumbe anacheka.

"Umewatia sungura jela," alisema, "kwa ajili yangu." Akafuta macho kwa mkono wa kushoto. Kicheko kikaisha, na pedi ilikuwa bado pale, mapajani mwake, upande mmoja umeshikwa na mwingine unaning'inia. "Lakini sasa mdogo wangu, nifanye nini na kitu hiki? Huyu mtu atatembea kipofu."

Alijaribu. Kidole gumba cha kushoto kilimtembeza yule mzee wa polisi bandarini moja kwa moja mpaka ukutani. Macho hayakugeuka. Mpelelezi akabaki anasukumana na ukuta kama aliyetumwa kuubomoa. Kaka akavuta pumzi ndefu, akaanza kuinuka aelekee chumbani.

Kaunta hakufikiri. Aliketi upande wake wa kulia, kwenye mbao tupu, akaukamata upande wa pedi uliokuwa unaning'inia.

"Keti," alisema. "Wewe tembea. Mimi nitaangalia."

"Hujawahi kucheza."

"Nimeangalia wanaocheza kila siku ya Mungu."

Kaka alirudi kukaa, nusu tu, kama mtu anayengoja kuitwa. Akatembea. Kaunta akageuza macho, yakapanda mawinguni.

"Chini! Unaangalia nini, mvua?"

"Ngoja kwanza."

"Kushoto. Kushoto kwangu, si kwako!"

"Kwani mtu si mmoja?"

"Basi kushoto kwake!"

Mpelelezi alizunguka bandarini kama mlevi, miguu inataka huku, macho yanataka kule. Walimgonga mwanamke mmoja mara nyingi mpaka akaanza kurudia maneno yake. Walianguka majini. Kaka alitukana, Kaunta akajibu, na ugomvi wao ulisikika hadi kwa jirani, aliyekuja kuuliza kama kuna msiba, akaambiwa hapana, kuna upelelezi.

Kisha wakaingia kwenye ofisi ya bandari. Kaka akawa anakwenda kwenye droo, kama kawaida yake. Macho hayakumfuata. Yalikuwa yameganda kwenye kona, kwenye kiti.

"Droo iko huku," alisema kaka.

"Kile kiti."

"Kina nini?"

"Sijui. Kimechakaa upande mmoja tu."

Kaka akaiacha droo. Aliangalia kile kiti kwa jicho la kazi yake ya zamani, akauona mshono wa pembeni umepita kwenye matundu mapya. "Kimefumuliwa," alisema polepole, "na aliyekishona si fundi. Kuna kitu ndani." Akamtembeza mzee kuelekea kwenye kiti, na Kaunta hakuyaondoa macho.

Mchana wote ulikwenda hivyo. Ilipofika saa ya kurudisha mashine, mdogo wa mwenye hoteli alikuwa hajapatikana, na Kaunta mgongo ulimuuma, misumari ya kochi imemwachia alama pajani.

"Mama Duka atatuazima tena?" aliuliza kaka.

"Sijui. Huenda."

"Muulize. Mtu wangu yuko kwenye ngazi, na bila wewe haoni." Alikuwa anaupapasa ule upande wa mbao kwa mkono wake wa kushoto, akizihesabu nafasi za misumari kwa kidole. "Na uniletee sponji ile iliyo uvunguni. Hapa pamekaa vibaya."

Jumatatu, Mwalimu alikuwa kwenye benchi mapema, kasha la mazombi wa pili mkononi.

"Kaunta, niambie wewe uliyeona yote. Nikinunua hii, nasaidia au naharibu?"

Kinyozi aliinua shuka akafunika uso, kuonyesha hataki kusikia.

Kaunta alifikiri.

"Mwalimu," alisema, "unaipenda?"

"Hata kidogo."

"Basi hesabu za kampuni mimi zimenishinda," alisema Kaunta, akatoka nyuma ya kaunta kwenda kumwonyesha mtoto aliyeingia mahali walipo sungura.